Vyungu vya Namba Kumi na Saba

Temeke, Dar es Salaam
8 Februari 1953

Mjomba wangu mpendwa Kasimiri,

Shikamoo. Homa niliyoipata melini imekwisha, na sasa ni mzima kiasi anachoweza kuwa mzima mtu anayelala chini ya bati la Temeke. Nimepanga chumba kwa Mwanabaraka, mjane anayepika vitumbua. Dada Yuliana na mwanawe hawajambo? Na bibi anaendeleaje? Kwa kuwa haoni tena, naomba mmsomee barua hii polepole, kama alivyozoea.

Kazi nimeipata, Mungu ashukuriwe. Ni ukarani katika nyumba ya wagonjwa wa akili ya Kichangani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka hapa. Kabla ya kuajiriwa nilijaza fomu ndefu. Swali moja liliuliza kama katika ukoo wangu kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Niliandika: Hakuna. Palipoulizwa wazazi, niliandika kwamba wote wamefariki. Karani mkuu, Bwana Kamugisha, mtu wa Bukoba mwenye Kiingereza kizuri kuliko cha Wazungu wengine, alisoma majibu yangu kwa sauti kisha akasema, "Vema, bwana mdogo. Serikali haitaki karani mwenye damu iliyochacha."

Sitaki kuwachukiza, ila sina mwingine wa kumwambia. Mahali hapa pananuka. Mkojo, dawa ya kusafishia sakafu na uji ulioungua vimekuwa harufu moja, na harufu hiyo inanifuata nyumbani. Mwanabaraka ananifulia shati mbali na nguo zake. Nikimwuliza kwa nini, ananijibu, "Sijasema unaambukiza. Nimesema sabuni ni yangu." Ukutani katika bweni la zamani bado kuna pete za chuma. Mnyapara mmoja huzisugua zing'ae, kama mtu anayetunza kitu kitakachohitajika tena.

Mwaka jana alikuja mwanamke wa Kizungu ambaye kazi yake ni kuwapa wagonjwa rangi, karatasi na udongo. Wagonjwa wanamwita Bibi Udongo. Makarani wanamcheka. Nami nilimcheka, mpaka wiki iliyopita aliponituma nikaandike orodha ya vitu vilivyotengenezwa.

Upande wa wanawake yupo mmoja anayeandikwa Namba Kumi na Saba. Hasemi. Anafinyanga vyungu vya kweli, vyenye tumbo na shingo, si madonge kama wenzake. Shingoni anabonyeza ukucha wa kidole gumba mara nne, kisha anaruka nafasi moja, kisha mara nne tena, mpaka duara linatimia.

Mjomba, mnakijua kile chungu cha mama, chenye alama kama hiyo, ambacho bibi hukificha nyuma ya ghala. Labda wafinyanzi wote wa kwetu hufanya hivyo. Nauliza tu. Nauliza pia mama alizikwa sehemu gani ya Lindi, maana nikipata likizo ningependa kuliona kaburi.

Mpwa wako mtiifu,
Fransis


Masasi
22 Machi 1953

Mpwa wangu Fransis,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kwa sababu ya mvua, daraja lilikatika. Sisi wazima. Mikorosho imestawi vizuri, na Padri ameniteua niwe mkuu wa makatekista wa vigango vyote saba. Ni heshima kwa ukoo mzima, nawe umo.

Bibi yako nilimsomea barua, isipokuwa habari za wendawazimu. Zingemharibia usingizi.

Kuhusu vyungu: wanawake wote wa kwetu hufanya hivyo. Udongo ni udongo na kucha ni kucha. Kuhusu kaburi: Lindi ina makaburi mengi, na mwaka ule kulikuwa na ugonjwa, watu walizikwa kwa haraka. Hapa nyumbani tulifanya yote yaliyopasa. Tulizika kanga zake, tukatoboa vyungu vyake vyote juu ya kaburi, na watu wakala. Ulikuwapo, ulikuwa na miaka minane, na ulilia vizuri. Chungu cha marehemu hakirudi jikoni.

Kazi hiyo haikufai. Mtoto aliyesomeshwa na misheni hakusomeshwa ili ahesabu vyungu vya vichaa. Nakuagiza, na kwetu unajua mtoto ni wa mjomba wake, utafute nafasi katika ofisi ya bandari au ya posta kabla ya Pasaka.

Mjomba wako,
Kasimiri


Temeke
19 Aprili 1953

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pongezi kwa cheo. Pasaka niliisali Temeke, nikala pilau la Mwanabaraka, ambaye si Mkristo lakini alisema sikukuu haina mwenyewe. Bandarini nimepeleka maombi. Hawajajibu.

Nilipita sokoni kwa Mama Zuena, mtu wa Lindi anayeuza vyungu. Nilimchorea ile alama kwenye karatasi, nikamwuliza kama wanawake wote wa kusini huitumia. Alinicheka. "We karani, umesoma wapi? Alama ya chungu ni kama mdomo wa mtu. Unaweza kuuazima mdomo wa mwenzio?"

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Sasa nawaeleza jambo la Jumamosi iliyopita, nami najichukia ninapoliandika.

Bibi Udongo aliniandikisha taarifa ndefu, nikaipiga chapa mara tatu, kwa hiyo naijua kwa moyo. Inasema kwamba zamani hata Ulaya mgonjwa wa akili alifungwa minyororo, na watu walilipa kiingilio kwenda kumtazama. Baadaye madaktari wakaanza kukusanya michoro ya wagonjwa, wakaitunza makabatini kama mtu anayekusanya vipepeo, ili waone ugonjwa unafananaje. Halafu katika vita hii iliyopita, huko kwao, watu wenye kifua kikuu waliolala miezi kitandani walipewa rangi, ikaonekana wanapata nafuu ya moyo. Askari waliorudi wameharibika akili wakapewa pia. Tangu hapo wako wanaosema kwamba faida haimo katika picha, imo katika kuichora. Mtu asiye na neno mdomoni anaweza kuwa nalo mkononi. Sentensi hiyo ni yake. Nilisahihisha Kiswahili chake, kisha nikaisoma tena mara mbili.

Daktari Mkuu aliipenda taarifa, akaamuru maonyesho. Vitu vya wagonjwa vilipangwa kwenye baraza la nyumba yake, juu ya vitambaa vyeupe. Mimi niliandika vibandiko. Kimoja kilisema: Namba 17. Mwanamke. Kusini. Ndugu hawajulikani. Nilikipiga chapa mwenyewe, Mjomba, kwa herufi kubwa, nikahakikisha mistari imenyooka.

Wageni walikuja na wake zao. Wagonjwa kumi walikuwa wameogeshwa, wakavishwa nguo mpya za marekani, wakakalishwa mkekani pembeni ili waonekane. Mgeni mmoja aliuliza ni yupi kichaa zaidi. Mwingine alikigonga chungu kwa kidole, akasema haiwezekani kimetengenezwa na mwendawazimu, kwa kuwa kimesimama wima. Bwana Kamugisha alitutafsiria sisi makarani, akaongeza lake: "Basi wake zenu wote ni wazima, vyungu vyao vimepinda." Makarani wakacheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti ili anisikie.

Kisha bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya, akizungumza na kula andazi, alikung'uta majivu ya sigara ndani ya chungu cha Namba Kumi na Saba. Alikung'uta mara tatu. Bibi Udongo aliona, akawa mwekundu, akajifanya anapanga vibandiko, maana yule alikuwa mke wa mkubwa.

Namba Kumi na Saba aliinuka mkekani. Mnyapara alitaka kumzuia, yeye akampita kama anayepita kisiki. Alikichukua chungu, akamwaga majivu sakafuni mbele ya viatu vya yule bibi, akafuta ndani kwa kiganja, akakirudisha mahali pake na kukigeuza ile nafasi isiyo na ukucha itazame mbele. Kisha akarudi kukaa. Alinipita karibu. Ana kovu la moto hapa chini ya sikio.

Mjomba, mama hakuungua na mafuta ya nyonyo siku ya ubatizo wangu? Bibi ndiye aliyenisimulia.

Amri mpya imetoka. Bibi Udongo amemshawishi Daktari Mkuu kwamba wagonjwa watulivu warudishwe kwa ndugu zao. Ndugu anatia sahihi, anamchukua. Asiyekuwa na ndugu hadi mwisho wa Agosti atapelekwa bara, katika nyumba kubwa, wala hakuna udongo huko. Orodha ya watakaopelekwa nitaipiga chapa mimi.

Nijibuni neno moja tu, ndiyo au siyo. Mkisema siyo, nitawaamini. Naogopa hata kuliandika hili: natamani mseme siyo.

Mpwa wako,
Fransis


Temeke
7 Juni 1953

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu ya Aprili haijajibiwa. Mwalimu Apolinari wa huko nyumbani, aliyekuja mjini kuchukua vitabu vya shule, ameniambia njia ni nzima na posta huko hufika kila juma.

Niliomba kupanga rejesta za zamani, kazi ambayo hakuna karani anayeitaka kwa sababu ya mende na vinyesi vya panya. Siku ya tatu nilifika mwaka 1941. Septemba. Mwanamke kutoka kusini, alishuka melini. Jina: hataki kusema. Hali: anazungumza na mtoto aliyekufa, alirarua nguo kanisani. Halafu kuna safu ya aliyemleta, ambayo mletaji hujaza kwa mkono wake.

Imejazwa kwa wino wa buluu. Herufi F ina mkia unaozunguka chini kama ndoano. Ninazo barua zenu hapa kitandani, nyingine mlizoniandikia tangu nikiwa shule. F ya jina langu juu ya kila bahasha ina mkia huo.

Na jina lililoandikwa katika safu hiyo si Kasimiri. Ni Fransis.

Niliifunga rejesta, kisha nikaifungua tena kuhakikisha.

Nilikuwa na miaka minane, Mjomba. Mlinibebesha mchanga nikautupa juu ya kaburi lenye kanga, na huku mlikuwa mmekwisha kuniandika kwamba mimi ndiye niliyemleta hapa.

Fransis


Masasi
12 Julai 1953

Kwa Fransis,

Korosho hazikuendelea, maua yalipukutika. Bibi yako anakohoa. Nimemwambia una kazi nyingi ndiyo maana barua zako ni fupi.

Umeandika kwa ukali ambao mtoto hamwandikii mjomba wake. Lakini umesoma, na msomi haachi mpaka achimbue, basi sikiliza.

Mama yako, Apolonia, alizaa mtoto wa pili, na mtoto huyo akafa siku ya tisa. Baada ya hapo mama yako akawa anatembea mchana kweupe na kibunda cha nguo, anakinyonyesha. Tulimpeleka kwa waganga watatu. Mmoja alimfukiza pilipili hadi akazimia. Wa pili alimpiga. Wa tatu sitakueleza. Jumapili moja alirarua nguo zake kanisani mbele ya Askofu aliyekuja kutoa kipaimara, nami ndiye niliyekuwa nimeshika msalaba. Unajua watu walisema nini? Kwamba ukoo wetu umeoza tumboni, kwamba hakuna atakayeoa kwetu wala kuolewa. Binti yangu Yuliana alikuwa amechumbiwa. Wewe ulikuwa umechaguliwa kwenda shule.

Nilimpeleka Dar es Salaam kwa kuwa nilisikia iko nyumba ya Serikali. Sikumuua. Nilimlipia nauli. Nilimshika mkono kutoka Lindi mpaka nilipomkabidhi. Nyumbani nilisema amekufa kwa sababu mfu ana heshima na kichaa hana. Watu walileta unga, wakanipa pole. Wangeleta nini kama ningesema kweli?

Kuhusu jina. Karani aliniambia niandike. Niliona haya kuandika langu. Jina la kwanza lililonijia ni lako, kwa sababu alikuwa amelitaja njia nzima, melini na barabarani, mpaka abiria wakaniuliza huyo Fransis ni nani.

Sasa nimejibu. Usimlete huku. Nimewekwa juu ya vigango saba. Nitasimama vipi kufundisha watu ufufuo, nao wamwone anashuka kwenye lori mtu niliyemzika? Usitie sahihi. Nakukataza kama mjomba. Fikiri pia juu ya ile fomu yako.

Kasimiri


Temeke
23 Agosti 1953

Mjomba Kasimiri,

Shikamoo sikuiandika. Si kwamba nimesahau.

Barua yenu niliisoma mara nyingi. Nilitafuta mahali mnapouliza kama anakula, kama ananenepa au anakonda. Sikupaona. Basi nawaambia bila kuulizwa: anakula vizuri, mvi zimeanza kwenye paji, na meno mawili ya mbele hayapo. Kwenye jalada lake imeandikwa yalivunjika mwaka 1944, sababu haikuandikwa.

Msidhani mimi ni jasiri. Nilikaa na barua yenu siku kumi. Orodha ya kwenda bara niliipiga chapa, na namba yake nikaipiga chapa kwenye orodha hiyo, ya nane kutoka juu. Wakati ule kidole changu kilitii. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi ya pete za chuma na majivu: nilikuwa karibu kufanya kama ninyi, na kwa mwandiko mzuri zaidi.

Jioni Mwanabaraka aliniona sili, akanibana mpaka nikasema. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliniuliza, "Huyo mama yako anapiga watu?"

"Hapana."

"Anaiba?"

"Hapana, mama. Anafinyanga."

"Basi nyumba hii ina wapangaji wabaya kuliko yeye. Mlete. Lakini shati lako bado nitalifua mbali."

Alhamisi nilikwenda upande wa wanawake. Alikuwa anakanda udongo, na Bibi Udongo ameketi karibu naye anashona. Nilimwamkia, nikamwita mama. Hakuitikia. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akazitazama kucha zangu kama mtu anayekagua jembe kabla ya kulinunua. Ni kucha za karani, safi. Akanipa donge la udongo, akanionyesha shingo ya chungu iliyokuwa bado laini, akanisubiri. Nilibonyeza mara nne. Nilipotaka kubonyeza ya tano alinikamata kidole. Hakunitazama usoni hata mara moja, na mimi sikuweza kusema mimi ni nani.

Nikaenda kwa Bwana Kamugisha kuomba fomu ya ndugu. Alidhani natania.

"Uhusiano?" akauliza.

"Mwanawe."

"Bwana mdogo, unajua unachokiandika?"

"Najua, Bwana."

"Fomu yako ya kazi inasema mama yako marehemu, na kwenye ukoo hakuna. Au marehemu wa kwenu hufufuka mwisho wa mwezi?"

Wenzangu wakacheka. Safari hii sikucheka nao. Nilisema niliambiwa hivyo nikiwa mtoto, na kwamba naomba kusahihisha. Alisema fomu ya Serikali haifutwi kwa kifutio, na kwamba jalada langu litapanda kwa Daktari Mkuu pamoja na lake. Limepanda. La mama limerudi na ruhusa; jibu langu halijashuka. Huenda Jumatatu nisiwe karani. Nimeogopa tangu siku ile, na ninaogopa ninapoandika, kama mnavyoona kwenye herufi zangu.

Jana nilimleta Temeke kwa gari la mizigo la hospitali. Bibi Udongo alitupatia debe la udongo, akasema mtu akiuliza tuseme ni dawa. Mwanabaraka alimtandikia mkeka, akampa maharage moja kwa moja kutoka chunguni. Mama alikula, akamaliza, akakiinamia chungu, akakipapasa tako. Kisha akasema, kwa Kiswahili kizuri, neno la kwanza nililolisikia kutoka kwake tangu 1941:

"Hiki kimechomwa vibaya."

Mwanabaraka alishika kiuno. "Ametoka huko hata siku haijaisha, ananifundisha chungu!" Lakini leo asubuhi niliwakuta wote wawili wamechuchumaa uani wanabishana juu ya kuni. Hakuna aliyeniona natoka.

Nakala ya barua hii nimempelekea Mwalimu Apolinari kwa mkono wa abiria wa meli. Nimemwomba aende kwa bibi siku ambayo ninyi mko kigangoni, amsomee yote bila kuruka. Kile chungu cha nyuma ya ghala asikitoboe mtu.

Jambo la mwisho. Rejesta ya mwaka 1941 ina safu ya mwisho ambayo kwa namba nyingi iko tupu au ina msalaba. Ni safu ya aliyemchukua. Bwana Kamugisha aliniwekea rejesta mezani, akaniambia nijaze. Tone la wino lilidondoka, na F yangu haina mkia. Sasa katika mstari ule jina ni lile lile mwanzo na mwisho. La kwanza ni mwandiko wenu.

Fransis wa Apolonia